Terekeza: Elimu ya Wapagazi katika Nyika Isiyo na Maji

Jua lilipokwisha kupinduka, saa saba au saa nane za mchana, wakati ambao kila mwenye nafasi hutafuta kivuli na hata ndege wa porini hunyamaza, kirangozi wa msafara uliopiga kambi Chunyo, magharibi ya Mpwapwa, aliliinua baragumu lake la pembe ya tandala akalipuliza. Na wapagazi, ambao tangu alfajiri walikuwa wamekaa kitako wakipika, wakila, wakinywa na kunywa tena kana kwamba hawana mwendo siku ile, wakainuka kwa kelele, wakajitwika mizigo yao, wakayaacha maji nyuma, wakaingia katika nyika ya Marenga Mkali. Mgeni kutoka Ulaya, aliyefundishwa kwamba safari katika nchi za joto huanza na jogoo na kuisha kabla ya adhuhuri, aliona kuwa watu hawa wamechagua saa mbaya kuliko zote. Nao walikuwa wameichagua kwa hesabu.

Mwendo wa namna hii uliitwa terekeza. Nyika ya Marenga Mkali, iliyo baina ya milima ya Usagara na nchi ya Ugogo, upana wake ulipita maili 30, na wakati wa kiangazi haikuwa na maji ya kutegemewa hata mahali pamoja. Mpagazi mwenye mzigo wa frasila mbili, yaani ratili 70 au karibu yake, fauka ya vyombo vyake mwenyewe, hawezi kuikata nchi hiyo kwa siku moja. Akiondoka alfajiri kama ilivyo ada, adhuhuri humkuta katikati ya nyika, jua la utosi juu yake, kibuyu kimepungua, na mbele yake alasiri nzima ya kukaa mahali pakavu, kisha usiku, kisha jua la siku ya pili. Lakini akiondoka baada ya adhuhuri, hali tumbo lake limeshiba na mwili wake umejaa maji, atakwenda jua likishuka, ataendelea magharibi mpaka giza liingie, atalala pakavu pasipo kupika, na kabla ya kupambazuka atajitwika tena katika ubaridi, ayafikie maji kabla jua halijapata nguvu. Kiu ya saa 30 imegeuzwa kuwa kiu ya saa 20, na sehemu kubwa ya saa hizo ni za usiku. Njia ni ile ile na mzigo ni ule ule. Kilichobadilika ni saa ya kuondoka tu, na kwa saa hiyo maelfu ya watu walivuka wazima.

Leo neno hili, kwa matamshi ya telekeza, likitajwa, mawazo ya msikilizaji huenda moja kwa moja kwa mzazi aliyemwacha mwanawe au mtu aliyeitupa kazi njiani. Lakini wenye lugha ya zamani wanajua kwamba kuteleka ni kukiinjika chungu motoni, na mimi naona kwamba jina la mwendo ule limetoka jikoni: kwanza chungu, ndipo njia. Mtu hakuingia nyikani mpaka amepika, amekula, na kilichosalia amekifunga katika jani au kitambaa akile usiku kikiwa baridi, maana huko aendako hana maji ya kukosongea ugali. Nalishikilia jambo hili la chungu kwa sababu, kama itakavyoonekana mbele, siku wakubwa wa misafara walipolisahau, watu walikufa.

Waliobuni elimu hii na kuilea ni Wanyamwezi, pamoja na watu wa pwani waliofuatana nao. Kwa Wanyamwezi upagazi ulikuwa jando la pili. Kijana ambaye hakupata kuiona bahari alihesabiwa hajakomaa, na watoto walitangulia kujifunza wakiwa wamebeba vipembe vidogo nyuma ya wajomba zao. Waliteremka pwani wakati wa kiangazi wakiwa na pembe, wakarudi na nguo na shanga na nyaya kabla mvua hazijawataka shambani. Kwa hiyo kijana wa miaka 20 aliweza kuwa ameivuka Marenga Mkali mara sita au saba, na kila mara alikwenda nyuma ya mtu aliyeivuka mara nyingi kuliko yeye. Richard Burton na John Hanning Speke, walioondoka Kaole mwezi wa Juni 1857 na kuingia Kaze, jirani ya Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba, siku ya 134 ya safari yao, walipita njia ambayo tayari ilikuwa imekanyagwa mpaka ikawa mfereji, wakilala katika kambi zilizokwisha kujengwa na wengine na kunywa katika visima vilivyokwisha kuchimbwa na wengine. Burton alikiandika kitabu chake akawatukana sana watu waliombeba. Hata hivyo, asomaye kwa makini ataona kwamba karibu kila ukurasa wenye manufaa katika kitabu hicho ni jambo aliloambiwa na mpagazi.

Tena yuko Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa utotoni, akauzwa, akafika Bara Hindi, akarudi Afrika akiwa huru. Alikwenda na Burton na Speke mwaka 1857, akaenda na Speke na Grant mwaka 1860, akaenda na Stanley mwaka 1871, na mwaka 1873 akafuatana na Cameron, akaikata Afrika nzima mpaka bahari ya magharibi, karibu na Benguela, walikofika mwaka 1875. Sidhani kama yuko msafiri mwingine wa zama zile aliyekwenda kwa miguu masafa kama hayo akarudi nyumbani kusimulia.

Vyombo alivyobeba mpagazi kwa ajili ya nafsi yake vilikuwa vichache, na kila kimoja kilikuwa na sababu. Alikuwa na mkeka, shuka moja au ngozi, kisu, kibuyu, chumvi kidogo iliyofungwa katika kitambaa, na viatu vya ngozi mbichi ambavyo hakuvivaa daima bali alivifunga mzigoni mpaka afike penye miiba au mchanga unaochoma. Chungu na shoka havikuwa vya mtu mmoja. Vilikuwa vya kambi, yaani kikundi cha watu watano, saba, hata kumi waliokula pamoja. Wakifika kituoni, bila kuambizana neno, mmoja huchukua vibuyu kwenda majini, mwingine hukata kuni, mwingine hukata miti na nyasi za kibanda, na mmoja hutafuta mafiga matatu. Posho ilikuwa kibaba kimoja cha nafaka kwa mtu kwa siku, na katika kambi mtu mgonjwa alipikiwa na kuchotewa maji na wenziwe. Mtu wa peke yake, hata awe hodari namna gani, hawezi kuyafanya yote hayo jioni moja baada ya kubeba frasila mbili tangu asubuhi.

Kibuyu kinastahili kutazamwa kwa karibu, kwa kuwa uhai wa mtu ulikuwa ndani yake. Kikiwa kipya hakifai. Huyatia maji uchungu mpaka kikolezwe kwa kulowekwa na kumwagwa mara nyingi, na wengine hukifukiza moshi. Mdomo wake haukuzibwa kwa gunzi peke yake, kwa maana maji huyumba kwa mwendo wa mtu na kulitoa gunzi. Hutiwa kishada cha majani mabichi shingoni, majani yakayatuliza maji yasirukeruke. Kikipasuka, na vibuyu vyote hupasuka siku moja, ufa hutobolewa vitundu pande mbili, hushonwa kwa uzi wa gome, kisha mshono hupakwa nta. Nimekishika mikononi kibuyu cha zamani chenye mishono mitatu ya namna hiyo, mmoja juu ya mwingine, na ule wa chini ulikuwa umekuwa mweusi na laini kwa mikono ya watu. Sikumbuki kuona kovu lililotibiwa vizuri kuliko lile.

Moto ulipatikana kwa njia mbili. Wenye bunduki za gumegume walikuwa na jiwe lao na chuma chao. Wasiokuwa nayo walipekecha kwa ulindi na uwimbombo: kipande cha mti mwororo, mkavu kabisa, hulazwa chini na kukanyagwa kwa wayo, kikachongwa kitundu kidogo chenye mfereji pembeni, na ndani yake husimamishwa kijiti kigumu chenye unene wa kidole. Viganja viwili hukisokota kijiti huku vikishuka, na vikifika chini hurudi juu upesi, kabla joto halijapoa. Ndiyo maana watu wawili hupokezana. Unga mweusi hukusanyika mferejini, moshi huanza, na ukisimama wakati huo kwa furaha umeharibu kazi yote, kwa sababu moshi wa kwanza ni wa mti tu. Sharti uendelee mpaka unga wenyewe utoe moshi hali kijiti kimeondolewa. Hapo humiminwa katika kiota cha nyasi kavu na nyuzinyuzi za gome, ukapulizwa kwa pumzi ndefu isiyo na nguvu. Lakini wakati wa masika, miti yote ikiwa imeota ukungu, hata fundi hushindwa. Kwa sababu hiyo mpagazi mzoefu hakutegemea kupekecha kila jioni; aliubeba moto. Kijinga cha mti mgumu, uwakao polepole pasipo ndimi, kilifunikwa jivu lake mwenyewe, kikashikwa na mtu mmoja wa kambi, akikipungia upepo kila baada ya muda.

Usiku wa terekeza, ambapo msafara ulifika gizani na haukupata wasaa wa kukata boma la miiba, moto huo ndio uliokuwa ukuta. Mizigo ilipangwa duara, watu wakalala ndani miguu yao ikielekea nje penye moto, na fisi wakasikika mpaka alfajiri.

Baada ya Ugogo, ambako maji yalikuwa ya wenyeji na kila jumbe alidai hongo yake kabla ya mtu kuyagusa, ilikuja nyika ya pili, kubwa kuliko ile ya kwanza, iliyoitwa Mgunda Mkali. Hii haikuvukwa kwa terekeza moja. Ilikuwa safari ya siku nyingi, msitu wa miiba na majabali, na katikati yake mwamba wa Jiwe la Mkoa ukiwa alama iliyotazamiwa na kila jicho. Hapa elimu ilikuwa ya kuyajua maji yaliyojificha. Mto uliokauka haukosi maji kila mahali: penye kona, upande wa nje ambako mkondo wa masika umechimba kina, chini ya mti mkubwa wenye majani mabichi hali miti mingine imepukutika, hapo ndipo pa kufukua mchanga kwa mikono, na aghalabu tembo wametangulia kufukua. Maji hayaji kwa pupa. Shimo huchimbwa, huachwa, na mchanga wenye unyevu hutoa maji kama jasho, kidogo kidogo, mpaka kata moja ijae. Wa pili akaingojea zamu yake. Walitazama pia juu ya majabali, palipo na mashimo ya kukinga mvua, na ndani ya mibuyu mikongwe yenye uwazi. Watu wa njia ya kaskazini, ile itokayo Mombasa, waliyaita mashimo hayo ya majabalini ngurunga, na bila ngurunga za Taru asingevuka mtu kutoka Rabai kwenda Uchaga. Johannes Rebmann asingeuona mlima wa Kilimanjaro mwezi wa Mei 1848 kama Bwana Kheri, kiongozi wake, asingejua zilipo. Reli ilipoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, ilibidi maji ya wajenzi yapelekwe Taru kwa gari la moshi.

Njia zilipogawanyika, kirangozi alizifunga zile zisizofaa kwa kuweka tawi juu yake, au kwa kuchora mstari kwa kidole cha mguu. Aliyechelewa nyuma alisoma tawi akajua. Sioni alama iliyo nyepesi kuliko hiyo, wala iliyookoa watu wengi zaidi, kwani katika Mgunda Mkali aliyepotea njia kwa nusu siku aliweza kupotea moja kwa moja.

Wala haifai niipambe misafara ile kuliko ilivyokuwa. Katika njia hizo hizo walipita watu waliofungwa, wanaume shingoni mwao panda, wanawake wamebeba mtoto na mzigo pamoja, na kwao terekeza haikuwa elimu; ilikuwa adhabu, maana hawakuulizwa kama wamekunywa. Aliyeshindwa kwenda aliachwa, na wako waliouawa ili wenziwe wasitamani kushindwa. Ndui nayo iliposhika msafara, hata mpagazi huru aliyelipwa ujira wake alibaki kando ya njia, na hakuna kambi iliyothubutu kumchukua. Si ajabu basi ikiwa neno la kuinjika chungu lilikwisha kuwa neno la kumwacha mtu.

Kuhusu namna ya kugawa vyombo, misafara ilikuwa na kanuni kwamba kitu cha uhai kisikae katika mzigo mmoja. Livingstone, msafiri Mskoti, aliijua kanuni hiyo kwa hasara. Mwezi wa Januari 1867 kijana aliyezoea kulibeba sanduku la dawa alibadilishana mzigo, kwa mwendo huo mmoja tu, na mpagazi mwingine. Mpagazi huyo akatoroka na sanduku lote, na mzee yule akabaki msafiri asiye na kwinini katika nchi ya homa.

Alipofariki katika kijiji cha Chitambo, mwanzoni mwa Mei 1873, watu wake walikuwa wamebaki katikati ya bara, masika ndiyo kwanza yamekwisha, na pwani iko zaidi ya maili 1,000. Wangeweza kumzika na kutawanyika. Abdullah Susi na James Chuma, waliokuwa wakuu wa wapagazi wale, walikata shauri kumpeleka kwao, na namna walivyolifanya jambo hilo ndiyo elimu yote ya nyika imekusanywa katika kazi moja. Walijenga ua usio na paa mbali kidogo na kijiji. Farijala, aliyewahi kumtumikia tabibu Unguja na kuona jinsi mwili unavyopasuliwa, aliutoa moyo na matumbo, vikazikwa chini ya mti. Mwili ukatiwa chumvi, ukaanikwa juani kwa siku 14, ukigeuzwa kila siku. Kisha waliufunga kwa nguo, wakautia ndani ya gamba la mti lililovuliwa zima, wakalishonea turubai la tanga, wakalipaka lami, wakalifunga kwenye mti wa kuchukuliwa na watu wawili. Kila kitu katika kazi hiyo, chumvi, nguo, gamba, kamba, mti wa mabegani, kilikuwa kitu kinachopatikana katika mzigo wa mpagazi au porini.

Walikwenda takriban miezi tisa, watu wapatao 60, wakizunguka kusini ya ziwa Tanganyika. Walipofika Unyanyembe, katika nchi ya Tabora, mwezi wa Oktoba walimkuta Cameron, naye akawashauri wamzike hapo, kwa kuwa wenyeji wa njia ya mbele hawataruhusu maiti kupita. Wakakataa kwa adabu. Walipofika mbele na kuona kweli watu wamekasirika, walifanya hila ambayo mtu asiyejua mizigo asingeweza kuibuni: walifunga mabua ya mtama katika nguo kwa umbo la maiti, wakatuma watu warudi nalo kwa huzuni kama waendao kuzika Unyanyembe, nao wakalitawanya porini kipande kipande, huku nyuma wale waliobaki wakaufunga mwili upya, ukawa mtumba wa nguo kama mitumba yote, kwa mafundo yale yale, ukapita mbele ya macho ya kila mtu. Walifika Bagamoyo Februari 1874. Aliyepelekwa Uingereza pamoja na mwili ni Jacob Wainwright. Susi na Chuma hawakuwapo mazishi ya Westminster Abbey tarehe 18 Aprili, na jambo hilo linaniuma kila nilikumbukapo.

Baada ya miaka 40 hivi, nilichodokeza juu ya chungu kikatokea. Vita vya mwaka 1914 vilipoenea Afrika Mashariki, majeshi yaliwakusanya watu kwa nguvu kuwa wachukuzi, wengi wao wakulima wasiopata kubeba mzigo wa safari maishani mwao. Hawakupewa kirangozi wala kambi waliyoizoea. Walipewa unga wa mahindi, tena wengi wao watu wa mtama, wa mchele au wa ndizi, na hawakupewa vyungu vya kutosha wala wasaa wa kupika. Wakaula haujaiva, wakahara damu, wakafa maelfu kwa maelfu kando ya njia ambazo babu za Wanyamwezi walizipita wakiimba. Kariakoo ya Dar es Salaam ilipata jina lake kwa jeshi hilo la wachukuzi, na wengi wanunuao samaki na nguo hapo kila siku hawana habari.

Reli ya kati ilikuwa imekwisha kufika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na kwa hiyo vita vilipokwisha hapakuwa tena na sababu ya kwenda Mgunda Mkali kwa miguu. Baada ya Itigi gari la moshi huingia katika msitu ule ule wa miiba, likaenda saa nyingi abiria wamelala, mpaka likasimama penye kituo kiitwacho Tura. Ndipo misafara ilipotokea ukingoni mwa nyika, penye mashamba ya kwanza ya Unyamwezi, visima, na wanawake waliokuja mbio kuwapokea waume zao. Jina lenyewe kwa lugha ya huko ni amri: tua mzigo.